Kuhusu sabuni ya kufulia na siki ya kulainishia nguo

Mama zangu na dada zangu, asalaam aleikum.

Jumamosi baada ya alasiri tutatengeneza sabuni ya kufulia. Kila mmoja aje na sabuni ya mche aliyoikwaruza nyumbani na ndoo yenye kifuniko. Wengi wetu tunafulia maji ya kisima, na kwa kuwa visima vingi vya Mombasa vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa inayoishika sabuni na kuacha utando kwenye nguo badala ya povu. Ndiyo sababu tutaongeza magadi ya kufulia, ambayo huiondoa chokaa hiyo majini. Magadi huwasha ngozi, basi msiyashike kwa mikono mitupu, wala msiyatumie kwa hariri.

Cha kulainishia ni siki nyeupe, nusu kikombe katika ndoo ya mwisho ya kusuuzia, si katika maji ya sabuni, kwani huivunja sabuni. Nawasihi kwa dhati, msiichanganye kamwe na dawa ya madoa yenye klorini: hutoa hewa ya sumu, na bafu zetu ni finyu. Harufu ya siki huisha nguo zikikauka. Apendaye manukato atazifukiza udi kama kawaida.