Mhariri, taa za Vigo zinataka klia, siyo dawa ya meno

Mhariri salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee taa za mbele za hizi pikapu zetu zilizozeeka, Vigo na wenzake akina Navara, L200 na D-Max, maana karibu kila gereji ya huku kwetu barabara ya Iringa utakuta kijana kakalia ndoo anasugua taa kwa dawa ya meno, mwenye gari kasimama pembeni anachekelea taa inavyong'aa, anatoa hela anaondoka zake, na baada ya muda siyo mrefu taa ni njano kuliko ilivyokuwa. Halafu wote wawili wanalaumu jua.

Jua linahusika kweli, sikatai. Ila ngoja niseme linahusika vipi, kwa sababu hapo ndo tunapoliwa hela. Kile tunachokiita kioo cha taa kwenye magari haya siyo kioo, ni plastiki inaitwa polikaboneti. Wamarekani waliiruhusu kwenye taa za magari mwaka 1983 na Lincoln Mark VII ya 1984 ndo ikawa ya kwanza kule kutoka na taa za namna hiyo, baadae dunia nzima ikafuata. Wenye Hilux za miaka ya 90 na Land Cruiser zile za taa za mviringo hawaujui huu ugonjwa, zao ni kioo chenyewe, ugonjwa wao ni maji kuingia ndani na kutu kula ile sehemu ya kung'aa. Sisi wa Vigo, ambazo zilitengenezwa kuanzia 2004 mpaka 2015, hata iliyo changa kabisa umri umeshaenda kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzie.

Polikaboneti ni nyepesi na ngumu, kokoto ikirushwa na lori haipasuki kirahisi, lakini miale ya jua inaila. Kiwandani wanalijua hilo ndo maana wanaipaka juu ngozi nyembamba ngumu ya kuzuia miale. Hiyo ngozi ndo inayochoka kwanza, inapigwa na jua na vumbi na mchanga na mpira wa waipa na sabuni za kuoshea gari, inaanza kubanduka vipande vipande, na pale ilipobanduka plastiki inabaki uchi inageuka njano inaota ukungu. Sasa fundi akija na dawa ya meno anachofanya ni kusugua ule uchafu wa juu pamoja na masalia ya ile ngozi. Taa inang'aa kweli, hajadanganya. Ila amekuachia plastiki isiyo na kinga yoyote na kesho asubuhi jua linaanza nayo upya. Kupolishi taa bila kuipaka kitu juu ni sawa na kumvua mtu shati umsimamishe shambani saa saba mchana.

Na dawa ya meno ina afadhali. Kuna wanaopaka ile dawa ya kufukuzia mbu, taa inakuwa nyeupe hapo hapo kama muujiza, kumbe ile dawa inayeyusha plastiki. Kuna wa petroli, kuna wa thina, hao wanaacha nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui ndani ya plastiki ambazo hakuna msasa utakaozitoa. Siku hizi kimeingia kikombe cha mvuke, kijana anachemsha kimiminika kwenye kikombe kinachotumia umeme wa gari, mvuke unapita kwenye taa na taa inakuwa kioo mbele ya macho yako, watu wanarekodi kwenye simu. Ile ni kemikali inayoyeyusha ngozi ya juu ya plastiki ili mikwaruzo ijifunike. Haiweki kinga ya jua hata chembe, na ule mvuke siyo wa kuvuta, vijana wanaufanya midomo wazi tena chini ya bati. Wenye gereji waangalieni hao vijana jamani.

Sasa kazi inayofanywa sawasawa ikoje. Osha taa, ziba boneti na bampa na tepu ya karatasi ili usile rangi, halafu msasa wa maji. Kama imekuwa njano sana unaanza namba 800, unakwenda 1000, unakwenda 1500, kila ukibadilisha namba unabadilisha na mwelekeo wa mkono, ukisugua kwa kulala namba inayofuata unasugua kwa kusimama, ili ujue mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha yote. Angalia maji yanayotiririka. Mwanzo yatakuwa na unjano, hiyo ni ile ngozi ya zamani inatoka, yakigeuka meupe kama maziwa na taa ikawa na ukungu wa aina moja kote bila mabaka ujue umeitoa yote. Hapa ndo wengi wanakosa uvumilivu, wanaacha kipande cha ngozi ya zamani kule pembeni karibu na boneti, na kipya kitakachopakwa juu yake kitabanduka na hicho kipande.

Baada ya hapo njia ziko mbili. Ukitaka kupolishi tu unaendelea 2000, 3000, unamalizia na kampaundi, ile dawa ya kung'arishia, na lazima upake dawa ya kinga ya kufuta na kitambaa ambayo utakuwa unairudia kila inapochoka. Njia ya pili, mi ndo naipigia debe, unaishia 1500 bila kung'arisha, unafuta na spiriti safi, unasubiri ikauke, halafu fundi rangi anapuliza klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi kama maji, ya kuchanganya na hadena, yaani dawa ya kuigandisha, yenye kinga ya jua. Klia inajaza yale mikwaruzo yenyewe, ndo maana hakuna haja ya kuhangaika na 3000, tena klia inataka pa kushika. Klia ya kopo isiyo na hadena achana nayo, inabanduka. Na anayepuliza avae barakoa ya kweli ya kuzuia kemikali, siyo ile ya kitambaa ya kipindi cha korona, hadena inaumiza mapafu.

Hiyo kazi inachukua nusu siku nzuri, siyo dakika za kunywa soda. Ndo maana mafundi wengi hawaipendi na ndo maana wenye gari hawataki kuilipia. Mimi nasema fundi asiyekuwa na klia amwambie mteja ukweli kabla hajaanza kusugua, kwamba bosi hii nitakung'arishia tu, haitakaa. Mteja akikubali basi, ni hela yake.

Kuna anayeuliza ya nini yote hayo wakati taa inawaka. Inawaka ndiyo. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, walipima taa zilizofifia mwaka 2018 wakakuta kwenye dimu, yaani taa zikiwa zimeshushwa, zinatoa kama asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Zikisafishwa vizuri zilirudi mpaka asilimia 70 hivi. Chukua hiyo asilimia 22 upite nayo Mikumi usiku. Pale kati ya mbuga wanataka uende 50, na kwa 50 gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, nyati ni mweusi na lami nyeusi na yeye hana rifleta mgongoni, utamwona ukiwa umeshamfikia. Ukitoka hapo unaelekea Kitonga, kona na malori, na ukungu wa asubuhi ukishuka huko juu mwanga wa taa zilizofifia unaishia kwenye boneti.

Wengine wakiona hawaoni wanakimbilia balbu kubwa. Vigo nyingi zinatumia H4, wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu, mtu anaenda kuweka ya wati 100, soketi inaungua, waya unalainika, na kibaya zaidi ile rifleta ya ndani, bakuli la kung'aa linalorudisha mwanga mbele, inaungua inakuwa nyeusi, ikishaungua hapo hakuna msasa wala klia, ni kununua taa nyingine. Au anaweka LED ya bei chee kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida, mwanga unatawanyika kila mahali, yeye anaona kuna weupe mbele ya gari anafurahi, mwenye bodaboda anayekuja mbele anaingia mtaroni. Kabla hujabadili chochote mwambie fundi umeme apime volti pale pale kwenye soketi gari likiwa linaunguruma. Waya za zamani na ethi zenye kutu, yaani zile sehemu waya unapofungwa kwenye bodi, zinakula umeme njiani, na volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Kusafisha ethi hakuna gharama ya maana.

Na kama taa ina ukungu kwa ndani, au imeungua rifleta, au ina zile nyufa za thina, usimpe mtu hela akusugulie, nunua. Hapa sasa ndo nililokuwa nataka wauza spea wa Kariakoo na wa mikoani walisikie. Taa nyingi za mtumba zinatokea Dubai, na kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Taa ya dimu haimulikii sawa pande zote, imetengenezwa inyanyue mwanga kwenye upande wa pembeni ya barabara ili uone watembea kwa miguu na alama, na ishushe upande wa gari linalokuja. Ya kwetu inanyanyua kushoto. Ya gari la Dubai inanyanyua kulia, yaani machoni kwa mwenzako moja kwa moja hata kama umeshusha dimu, na huku kushoto kwako anakotembea mama na mzigo kichwani unabakiziwa giza. Inaingia vizuri kwenye bodi, skrubu zinakaa, hakuna atakayejua mchana. Kwa wale wa Kigoma na Ngara ni hivyo hivyo kwa spea zinazovuka kutoka Burundi na Rwanda, nao wanaendesha kulia. Zinazotoka Japani, Thailand au Afrika Kusini kwa upande huo hazina shida maana ni wenzetu wa kushoto.

Kuipima ni rahisi. Simamisha gari sehemu tambarare mbele ya ukuta, usiku, washa dimu uangalie ule mstari wa mwanga unapopanda. Ukipanda kwenda kulia, irudishe dukani. Hapo hapo pima na urefu, kwa mita 10 kutoka ukutani mstari unatakiwa uwe chini ya usawa wa taa kwa kama sentimita 10 hivi. Na sisi wa pikapu tuna letu, ukipakia tenga za nyanya nyuma mpaka juu gari linakaa kitako pua inaangalia mbingu, taa uliyoipima gari tupu inageuka kuwa ya kuwindia popo. Baadhi ya pikapu zina kile kigurudumu kidogo cha namba karibu na usukani cha kushushia taa, wengi wanadhani ni pambo. Kitumieni.

Kwa wanaokagua magari mpaka tunabandika stika, ombi langu ni dogo. Mtu akiwasha taa ikawaka asiambiwe pita hapo hapo, muangalie na hicho kioo kama kinapitisha mwanga, na jioni muwe na ukuta mmoja wa kupimia, rangi nyeupe na mstari tu inatosha. Na wauza spea waandike kwenye boksi au hata kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya taa, KUSHOTO au KULIA, ya nchi za upande gani, kabla mnunuzi hajasafiri nayo mpaka Makambako ndo agundue.

Dereva wa Vigo,
Ilula, Iringa.