Malalamiko Kuhusu Kuharibiwa kwa Suti na Gauni Langu Wakati wa Kupunguzwa, na Kauli Nilizopewa Dukani Kwenu

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Mavazi na Ushonaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi. Suti niliyovaa siku niliyokabidhiwa ofisi ninayoiongoza hadi leo mliishona ninyi, na gauni la kitenge nililovaa kwenye sherehe ya kumuaga binti yangu mkubwa lilitoka katika karakana yenu. Ni nguo hizo mbili nilizowarudishia ili mzipunguze, na ni hizo hizo zilizonirudia zikiwa hazivaliki. Ninaandika kulalamikia kazi hiyo, gauni jipya nililouziwa siku ile ile, na maneno niliyoambiwa na watu wenu nilipodai haki yangu.

Nina umri wa miaka 54. Baada ya kugundulika kuwa na kisukari aina ya pili, nilipunguza uzito kutoka kilo 121 hadi kilo 77 chini ya uangalizi wa daktari, kwa kubadilisha chakula na kufanya mazoezi ya kutembea, na uzito huo umetulia kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa. Ninayataja haya kwa sababu yanagusa moja kwa moja kazi niliyowaletea. Mwili unaopungua kiasi hicho katika umri huu haupungui sawasawa kila mahali. Mabega yangu yamekuwa membamba na mifupa ya mtulinga imejitokeza; kifua kimepungua na kushuka; ngozi ya tumbo na ya sehemu ya juu ya mikono imelegea, na daktari ameniambia kwamba haitajikaza yenyewe; nyonga nazo zimebaki pana kuliko mtu anavyotegemea akinitazama usoni. Mwanamke mwingine mwenye kilo kama zangu, ambaye hajawahi kuwa mnene, hana umbo hili. Kwa hiyo kupunguza nguo yangu si suala la kuipeleka kutoka namba moja hadi nyingine.

Tangazo lenu, ambalo bado limebandikwa kwenye kioo cha mlango wa duka, linasema kwamba mnawavisha wanawake wa umri wote na maumbo yote, na kwamba nguo ya zamani mnaipunguza ikakaa kana kwamba imeshonwa upya. Nililiamini tangazo hilo, na ndiyo sababu nililipa bei yenu badala ya kuzipeleka nguo kwa fundi wa mtaani anayetoza sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Mhudumu aliyenipokea alitoa kadi yangu ya zamani yenye vipimo vya wakati nilipokuwa na kilo 121, akaniuliza nimepungua kilo ngapi, kisha akaandika pembeni kwamba kila upande upunguzwe kwa kiasi alichokikadiria mwenyewe. Nilimwomba anipime upya. Alichukua futi akanipima kifua, kiuno na nyonga juu ya nguo nilizokuwa nimevaa, akaishia hapo. Hakupima upana wa mabega, wala urefu kutoka bega hadi kiunoni, wala mzunguko wa mkono wa juu, ambavyo ndivyo vipimo vilivyobadilika zaidi mwilini mwangu. Nilipomkumbusha kuhusu mabega, alinijibu kwamba fundi ataona mwenyewe akishaishika nguo. Sikuelewa, na hadi leo sielewi, fundi aliyekaa karakanani angeyaonaje mabega yangu kwa kulishika koti.

Naomba nilieleze koti kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloonyesha wazi kosa liko wapi. Ni koti la sufu nyepesi, la bluu iliyokoza, lenye bitana ya satini, na kitambaa chake bado ni kizima kabisa. Fundi wenu hakuligusa begani. Alifumua mshono wa pembeni kulia na kushoto, akakata kitambaa kingi, akashona tena. Matokeo yake ni kwamba mshono wa bega unaning'inia chini ya bega langu, shimo la kwapa limebaki kubwa kama lilivyokuwa, na kiuno kimebana ghafla, hata koti zima linakaa kama gunia lililofungwa kamba katikati. Nikiinua mkono kumpa mtu mkono au kuandika ubaoni katika kikao, koti lote linapanda hadi mbavuni. Mifuko ya mbele, ambayo zamani ilikaa juu ya nyonga, sasa imevutwa hadi karibu na mshono wa pembeni, na mmoja uko juu kuliko mwenzake. Bitana haikukatwa ipasavyo, bali ilikunjwa na kubanwa kwa ndani, ikaweka tuta linaloonekana kwa nje mtu akisimama mbele yangu.

Nililipeleka koti hilo kwa fundi mwingine mwenye uzoefu wa kushona suti, si kwa ajili ya kulirekebisha, maana kitambaa kilichokatwa hakirudi, bali ili anieleze kilichotokea. Alilitandaza mezani, akageuza ndani nje, akanionyesha. Koti linalopungua kwa namba nyingi namna hiyo huanzia juu: mikono hutolewa, bega hupunguzwa hadi lifike kwenye mfupa, shimo la kwapa huchorwa upya na kuinuliwa, bitana hukatwa kufuata umbo jipya, na ndipo pande hupunguzwa na mikono kurudishwa. Aliongeza kwamba kuna kiwango ambacho nguo ikikivuka, fundi mkweli humwambia mwenye nguo kuwa ni heri ashone nyingine, kwa kuwa mifuko na kola haviwezi kukaa mahali pake tena. Ushauri huo mmoja tu, kama ningepewa nanyi kabla ya mkasi kupita, ungeniachia koti langu.

Suruali ya suti hiyo ilipunguzwa kwa mshono wa nyuma peke yake, na mifuko miwili ya nyuma sasa inakaribia kugusana. Gauni la kitenge lilikuwa na maua makubwa ambayo fundi wenu wa wakati ule aliyapanga kwa ustadi yakutane katikati ya kifua. Sasa ua la upande mmoja limekatwa nusu, na zipu imepinda.

Kuhusu gauni jipya, nililinunua baada ya kuhakikishiwa na muuzaji kwamba namba 14 ndiyo yangu. Kibandiko chake hakisemi ni namba 14 ya nchi gani. Namba 14 ya Marekani ni kubwa kuliko namba 14 ya Uingereza, na kampuni inayouza nguo kutoka nchi mbalimbali katika duka moja inapaswa kumwambia mteja jambo hilo, au angalau kumruhusu alijaribu gauni kabla ya kulipa. Nilielezwa kwamba chumba cha kujaribia kilikuwa na mizigo. Nilipolirudisha kwa kuwa halikunikaa, nikiwa na risiti ya EFD, kibandiko kikiwa bado kinaning'inia, nilikataliwa.

Ninafika sasa kwenye jambo lililoniumiza kuliko fedha zote. Nilipolivaa koti mbele ya kioo chenu na kuonyesha kasoro zake, meneja wa duka alinijibu, wateja wengine wakisikia, kwamba nguo haina tatizo, tatizo ni mwili uliobadilika, na kwamba nirudi mwili ukishatulia. Mhudumu mwingine akaniuliza, kwa sauti ya kunihurumia, "Pole mama, kwani uliumwa sana?" Kisha akanipeleka kwenye kona ya madira, akisema kwamba kwa umri wangu dira ndilo litakalonisitiri.

Ndugu Mkurugenzi, katika jamii yetu mwanamke wa makamo akipungua hupewa pole kabla hajapewa salamu. Tumeishi miaka ambayo UKIMWI ulizika watu wetu wengi kabla ya dawa kupatikana, na tangu wakati huo kupungua kwa mtu mzima kumebaki kuwa jambo la kunong'onezwa. Asiyesemwa kuwa ni mgonjwa husemwa kuwa ana mateso ya ndoa. Nimeulizwa kanisani, nimeulizwa kazini, nimeulizwa msibani, na nimejibu kwa subira kwa sababu wengi wanaouliza wananipenda. Lakini sikuja dukani kwenu kutafuta pole, na mtu anayelipwa kuuza nguo hana ruhusa ya kunihoji kuhusu ugonjwa mbele ya watu. Aidha, kumwambia mwanamke kwamba mwili wake ndio wenye kasoro, ilhali kilichoharibika ni kazi ya mkasi wa fundi wenu, ni kumtwika mteja kosa ambalo si lake. Mwili huu haungoji kutulia. Umetulia. Ndio nitakaouvisha nguo hadi uzeeni, na nimeupata kwa kujinyima na kwa nidhamu ambayo ninaiheshimu.

Sina ubaya na dira. Ninalivaa nyumbani na ninalipenda. Ila kazi yangu inanitaka nisimame mbele ya watu, na ninapenda kupendeza, kama nilivyopenda nikiwa na kilo 121 na kama nitakavyopenda nikifika miaka 70. Wala ninachokitaka si kigumu kwa fundi anayeijua kazi yake. Nataka koti ambalo bega lake linaishia kwenye bega langu. Nataka mkono wa gauni unaofika chini kidogo ya kiwiko, kwa kuwa ngozi ya mkono wa juu imelegea nami sipendi kuionyesha, lakini uwe mkono mwembamba unaofuata mkono wangu, usiwe mpana wa kupepea. Nataka kitambaa chenye uzito kiasi, krepu au kitani kilichoshonewa bitana, kinachoanguka chenyewe kutoka kwenye nyonga, badala ya kile chepesi kinachovutika ambacho kinashika kila mkunjo wa tumbo. Nataka shingo ya gauni iliyo wazi vya kutosha, maana shingo yangu sasa inaonekana na inanipendeza. Kitenge kizuri nitakinunua mwenyewe Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, na nitakileta. Ninachowategemea ninyi ni vipimo sahihi na mkono wenye ujuzi, na hivyo ndivyo nilivyovilipia.

Inafaa pia mzingatie kwamba sitakuwa mteja wa mwisho wa namna hii. Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila sasa inatoa huduma ya kuweka puto tumboni kwa wanaohitaji kupunguza uzito, na wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu wanahimizwa kila kliniki wapunguze uzito. Wanawake hao watakuja kwenu wakiwa na makabati yaliyojaa nguo nzuri za zamani, wengi wao wakiwa na umri wangu na kipato cha kulipia kazi safi, na kadi zenu za zamani hazitawafaa kitu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu huduma anayoiuza. Tangazo linaloahidi maumbo yote, likafuatiwa na kazi iliyofanywa bila kupima mabega na jibu kwamba mwili ndio wenye tatizo, kwa maoni yangu ni upotoshaji wa aina hiyo.

Kwa hiyo ninaomba kwanza nirudishiwe fedha yote niliyolipa kwa kupunguza suti na gauni la kitenge, pamoja na bei ya gauni jipya, ambalo nitalirejesha kama lilivyo. Ninaomba pia fidia ya suti, kwa sababu ilikuwa nzima nilipoileta na sasa haifai hata kugawiwa. Niko tayari kupokea suti nyingine ya kitambaa cha hadhi ileile badala ya fedha, kwa sharti kwamba nipimwe upya vipimo vyote na fundi atakayeikata mwenyewe, na nijaribu mara ya kwanza kabla bitana haijashonwa. Meneja aliyenijibu mbele ya wateja ninataka aniombe radhi kwa maandishi. Kuhusu wahudumu, ninaomba waelekezwe kutomuuliza mteja habari za afya yake, na wamwonyeshe mteja nguo aliyoiulizia kabla ya kumchagulia wanayodhani inafaa umri wake. Na ikiwa karakana yenu haina fundi wa kupunguza nguo za mtu aliyepungua sana, liondoeni tangazo hilo mlangoni hadi mtakapompata.

Nimeambatisha nakala za risiti, picha za koti na suruali kwa mbele, nyuma na kwa ndani, picha ya gauni la kitenge kabla na baada ya kupunguzwa, na picha ya tangazo. Nguo zenyewe ninazo, na mnaweza kuzikagua siku yoyote ya kazi tutakayokubaliana. Ninategemea majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Baada ya hapo nitawasilisha nakala yake pamoja na vielelezo vyote Tume ya Ushindani.

Wenu,

Mteja wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam.
(Jina kamili, saini na namba za risiti zipo kwenye kiambatisho.)