Herufi zimebaki kituoni

Newcastle upon Tyne, Uingereza

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako imefika, na swali lako ni la haki: kwa nini "knight" iandikwe kwa herufi sita halafu itamkwe "nait", na "name" iishie na e asiyoitamka mtu? Aliyekujibu kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo alikuwa na haraka tu. Sababu zipo, na mwenye masikio ya Kiswahili huzipata upesi kuliko hata watoto wa huku.

Chukua neno linalokusumbua ulisome kama Kiswahili, herufi kwa herufi, wala usimwonee haya mtu. "Name": na-me. "Time": ti-me. "Moon": mo-on. Hujakosea, umechelewa tu miaka mia sita na ushei. Waingereza wa miaka ya 1300 walitamka karibu hivyo hivyo, "naame", "tiime", "moon", kwa kuwa irabu zao zilifanana na zetu, na ile e ya mwisho wengi walikuwa bado wanaitamka. "Knight" ilikuwa "knikht": k inasikika, na gh ni kh ile ya Khamis anapoitwa na bibi yake wa Pwani.

Kati ya takriban 1400 na 1700 irabu ndefu zikahama, moja ikimsukuma jirani yake. "Aa" ikapanda hadi ikawa "ei", ndipo "naame" ikawa "neim". "Ee" ya "feet" ikawa "ii". "Ii" yenyewe haikuwa na pa kupanda tena, ikapasuka ikawa "ai": "taim". Nyuma ya mdomo mambo yakawa yale yale, "oo" ya "moon" ikawa "uu", na "uu" ikapasuka ikawa "au". Irabu fupi hazikuingia katika msafara huo, kwa hiyo "bed", "men" na "in" unazisoma bila taabu.

Balaa ni kwamba William Caxton alifungua mtambo wake wa kuchapa pale Westminster mwaka 1476, msafara ukiwa njiani. Wachapaji wakaanza kuyazoesha macho ya watu tahajia za wakati ule. Sauti zikaendelea na safari, herufi zikabaki kituoni. Sisi tumesalimika kwa sababu herufi zetu za Kilatini ni changa: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Miaka mia moja haitoshi sauti kuikimbia herufi.

Wewe mpenda mpira umewasikia wakiiita Newcastle "Toon". Hilo ni "town" lenyewe, kwa matamshi ya zamani, "tuun". Huku kaskazini ile "uu" haikupasuka kwenye vinywa vya wenyeji. "House" nayo ilikuwa "huus". Walioivika "ou" ni makarani waliofunzwa Kifaransa, baada ya Wanormani, waliotoka Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mfaransa hata leo akitaka sauti ya u huandika "ou". Tazama ramani yao, Uganda wameiandika "Ouganda".

Sasa utaniuliza: mbona "machine" haisomwi "machain"? Neno hilo lilitoka Ufaransa "ii" za Kiingereza zikiwa zimekwisha pasuka, likabaki na "ii" yake. "Police" vilevile. Ukiona neno la Kiingereza lenye -ine au -ice linalosomwa kwa "ii", shuku Ufaransa kwanza.

B ya "debt" usiitafutie sauti, haijawahi kuwa nayo. Kiingereza kilipokea "dette" kutoka Kifaransa, kisha wasomi wakachomeka b ili neno lifanane na "debitum" la Kilatini. Ni kama leo mtu atulazimishe kuandika "khabari" ili Waarabu wajue tumeikopa kwao, huku sote tukisema habari. S ya "island" ni mbaya zaidi, maana neno hilo halikutoka Kilatini hata kidogo. Walilichanganya na "isle", neno jingine la kisiwa lililotoka Kifaransa.

Lililo muhimu kwako darasani ni th, kwa kuwa wao wanaandika namna moja sauti mbili ambazo sisi tumezitenganisha: th ya thamani na dh ya dhahabu. Anayesema "zambi" badala ya dhambi atasema "zis" badala ya "this", basi rekebisha Kiswahili kwanza. Halafu pima hivi. Neno dogo la kuungia sentensi likianza na th, tamka dh: "the", "this", "that", "they", "then". Neno lenye uzito wake ni th: "think", "thin", "thank". Mwanzoni mwa neno ikifuatwa na r ni th daima, hata katika neno dogo kama "through". Katikati ya irabu, kwa maneno ya asili yao, ni dh: "mother", "father", "brother". Lakini "mathematics", "method" na "author" zimetoka Kigiriki na Kilatini, hizo ni th. "Nothing" nayo ni th, sababu ndani yake umo "thing". Mwisho wa neno mara nyingi ni th, "bath". Ikiongezwa e ikawa kitenzi, inageuka dh, na a yake inakuwa "ei": "bathe".

Yagawe haya mafungu mawili, dh na th, bila kuuliza simu: "those", "thunder", "feather", "earth", "clothe", "three", "southern", "healthy". La mwisho lina mtego. Litazame limezaliwa na neno gani. Nipigie picha ya daftari.

Shikamoo yangu mfikishie bibi, na mama yako mwambie kahawa imefika salama.

Ni mimi mjomba wako.