Yah: Malalamiko Kuhusu Joka la Resini Lililopasuka na Kuvuja

Njiro, Arusha
12 Agosti 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Machi mwaka huu nilinunua kwenu sanamu ya joka la resini, aina ya plastiki ngumu, kwa shilingi 620,000, likiwa vipande vya kujiunganishia, kwa ajili ya michezo ya vita vya mezani. Sasa limepasuka tumboni na linatoa ute unaonata. Nilipopiga simu nikajibiwa kuwa ni joto la Arusha, au ni rangi zangu, na kwamba bidhaa ikishapakwa rangi hairudishwi. Majibu hayo siyakubali.

Kila kipande nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Vinundu nilivisugua kwa msasa uliolowa huku nimevaa barakoa, maana vumbi la resini si la kuvuta puani. Bawa moja lilikuja limepinda. Nikalichovya kwenye maji ya moto, nikalinyoosha taratibu, nikalipoza kwenye maji baridi. Mabawa yenyewe ni mazito na supaglu peke yake haiyahimili, kwa hiyo nilitoboa kwa drili ya milimita 1 na kuchomeka waya wa shaba kabla ya kugundisha. Ikafuata praima, yaani rangi ya msingi, halafu rangi za akriliki, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, gamba kwa gamba, kijani cha giza mgongoni kikififia hadi manjano kifuani. Kazi ile naipenda, na lilikuwa limependeza kweli.

Tatizo liko kwenye utengenezaji. Joka hili limechapwa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka kwa tabaka, na kiwiliwili chake kina uvungu ili kuokoa resini. Resini hiyo huanza ikiwa kimiminika, kisha hugandishwa kwa mionzi ya urujuanimno (UV). Anayechapa kitu chenye uvungu anapaswa kuacha matundu, angalau mawili, moja la kutolea resini iliyobaki na jingine la kuingizia hewa, kisha aoshe ndani kwa spiriti na kumulika mionzi huko huko ndani. Joka lenu halina tundu hata moja. Resini mbichi, ile ambayo haijagandishwa, ilifungiwa tumboni, ikaulainisha na kuusukuma ukuta hadi ukaachia. Rangi imeinuliwa kutoka chini, na ute unatoka ndani ya ufa.

Mpanda joka alikuwa kwenye boksi hilo hilo. Yeye hana uvungu. Amepakwa praima ile ile na rangi zile zile, amekaa rafu moja na joka lake, na hana ufa wowote. Kuhusu joto, lilipasuka Julai, mwezi ambao Arusha tunatoka asubuhi na masweta.

Linaloniudhi zaidi ya hela ni usalama. Resini mbichi huwasha ngozi, na mtu akiigusa mara kwa mara anaweza kupata mzio wa kudumu. Boksi lenu limeandikwa kuwa linafaa kwa watoto kuanzia miaka 10. Mpwa wangu wa darasa la sita ndiye hunipangia sanamu mezani; nashukuru nilisikia harufu kabla hajalishika. Wengine waliolinunua huenda wana watoto pia, na hakuna aliyewaambia.

Na hiyo kanuni ya kutorudisha kilichopakwa rangi: mnauza sanamu zisizo na rangi ili mteja azipake. Kasoro iliyofichwa ndani ya tumbo ningeionaje kabla? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa, na sioni tangazo la dukani likimlinda na kasoro kama hii.

Naomba nirudishiwe shilingi 620,000 pamoja na gharama ya kulituma joka kwenu mkalikague. Naomba pia muwajulishe wote walionunua toleo hili, na msimamishe mauzo hadi majoka yachapwe yenye matundu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, pamoja na picha na risiti.

Joka nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki, liko tayari kwa ukaguzi. Mnijulishe nilitume kwa basi gani.

Mteja wenu,
Njiro, Arusha