Mshahara wa rubani haukupangwa na soko peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu marubani wa mashirika ya ndege ya kikanda nchini Marekani, yaani madogo yanayorusha ndege kwa niaba ya makubwa, ilimaliza suala kwa sentensi moja: wanaotaka kuruka ni wengi, ndiyo maana malipo yao yalikuwa duni. Hoja hiyo ni ya kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito.

Tuanze na hesabu. Mnamo 2010 hivi, rubani msaidizi aliyeanza kazi karibuni alilipwa kati ya dola 20 na 25 kwa saa. Msomaji akisikia "kwa saa" hudhani ni saa za kazi. Sivyo. Saa huanza kuhesabiwa breki zinapoachiwa ndege ikiondoka kwenye maegesho, na hukoma ikishaegeshwa iendako. Kukagua ndege, kupitia hali ya hewa na mafuta, kusubiri radi ipite abiria wakiwa bado ukumbini, yote hayo hayalipwi, ila kwa posho ndogo. Mtu anaweza kuwa zamuni saa 12 akalipwa 5. Mikataba mingi hudhamini saa 75 hivi kwa mwezi. Kwa dola 22 hizo ni dola 1,650, yaani 19,800 kwa mwaka kabla ya kodi.

Kinachomfanya avumilie ni foleni. Ratiba, likizo na ukapteni hufuata namba ya ukongwe, yaani nafasi ya rubani kwenye orodha ya shirika kwa kufuata alivyoajiriwa, na namba hiyo haihamishiki. Kapteni wa miaka 10 akihamia shirika jingine huingia mkiani. Kwa hiyo mwajiri hakuwa na hofu kubwa kwamba wazoefu wake watakimbilia kwa jirani mwenye dau nono. Hofu yake ilikuwa mlangoni tu, kwa wanaoanza kazi.

Mwajiri naye amebanwa. Kwa safari nyingi, shirika kubwa kama American, Delta au United ndilo hupanga nauli na ratiba na kubeba gharama ya mafuta, kisha hulilipa la kikanda ada kwa safari na kwa saa. Mkataba ukikaribia kwisha, mashirika ya kikanda hushindanishwa. Ndege zao zinafanana, mafuta si yao. Cha kupunguza kinabaki mishahara. Chama cha marubani kikigoma kukubali, huambiwa ndege zitapelekwa kwa wenzao. Mnunuzi akiwa mmoja kati ya wachache namna hiyo, kusema "soko limeamua" ni kumficha aliyeamua.

Kilichogeuza mambo ni sheria. Februari 2009 ndege ya shirika la kikanda la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu 50. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi akahitaji saa 1,500 za kuruka badala ya 250 zilizotosha awali, japo waliotoka jeshini wanaruhusiwa kwa 750 na baadhi ya wahitimu wa vyuo kwa 1,000. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamepita 1,500 siku ya ajali, jambo ambalo wapinzani wa kanuni hawachoki kulitaja.) Wakati huohuo wazee wakawa wanastaafu kwa lazima wakifika miaka 65, hivyo marubani wakaadimika.

Hata hapo, mashirika hayakukimbilia kupandisha viwango. Yalitoa bonasi za kujiunga, kwa sababu bonasi hufutwa kirahisi, ilhali kiwango kikishaingia kwenye mkataba wa chama hakishuki bila mazungumzo. Februari 2016 shirika la kikanda la Republic Airways liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, likitaja uhaba wa marubani. Juni 2022 mashirika ya kikanda yanayomilikiwa na American yalifikisha malipo ya rubani msaidizi anayeanza kazi dola 90 kwa saa, sehemu yake ikiwa nyongeza ya muda.

Siku hizi baadhi ya mashirika humpa kapteni anayehamia malipo ya miaka aliyotumikia kwingine. Namba ya ukongwe bado anaiacha alikotoka.

Wasomaji wenu wa fani ya anga