Programu inayomchungulia mfanyakazi nyumbani kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie programu ambazo baadhi ya waajiri hapa Kampala wanaziweka katika kompyuta za watu wanaofanyia kazi nyumbani. Siandiki kama mtu aliyechunguzwa, bali kama msimamizi aliyepewa kazi ya kuwachunguza wenzake na akaifanya kwa miezi kadhaa kabla hajaanza kuona haya.

Ofisi yetu huwatunzia hesabu wafanyabiashara wa kati na wadogo. Mwishoni mwa Machi 2020, usafiri wa umma na kisha magari ya binafsi vilipopigwa marufuku kwa sababu ya Korona, tulilazimika kugundua kwamba karani anaweza kuingiza ankara akiwa Mukono au Kyaliwajjala bila kupoteza asubuhi nzima ndani ya taksi. Vizuizi vilipoondolewa tuliendelea na utaratibu huo kwa siku tatu za wiki. Baadaye wakubwa waliingiwa na wasiwasi, wakanunua programu inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika kumi, kuhesabu mibonyezo ya kibodi na mwendo wa kipanya, na kuniletea kila Ijumaa orodha ya majina yenye rangi: kijani kwa aliyejishughulisha, nyekundu kwa anayedhaniwa kuwa alilala.

Katika wiki moja ya kuandaa ritani za kodi ya ongezeko la thamani, ambazo hutakiwa kufika kabla ya tarehe 15 kupita, jina lililopakwa nyekundu kuliko yote lilikuwa la karani ninayemtegemea zaidi. Nilipompigia simu kumwuliza, alinieleza kwamba alikuwa amechapisha ankara za mteja mmoja na kuzilinganisha kwa penseli na taarifa ya benki, mstari kwa mstari, na kwamba amekuta ankara moja imeingizwa mara mbili. Kazi hiyo ndiyo iliyomwepusha mteja na ritani yenye kasoro, lakini kwa kuwa ilifanyika juu ya meza na si juu ya kibodi, programu haikuiona. Kijana aliyekuwa kijani wiki nzima, kwa upande mwingine, aliniachia leja niliyolazimika kuirudia yote. Rangi haikunisaidia kwa yeyote kati yao. Kilichonisaidia ni kufungua leja.

Nilikulia katika kambi ya polisi, ambako Waganda wengi wa rika langu tulijifunzia lugha hii, na ninakumbuka jinsi majina yalivyokuwa yakiitwa kila asubuhi. Aliyeitikia alihesabiwa yupo kazini, hata kama baada ya hapo alikwenda zake kulala. Programu hii imeturudisha kwenye kuitikia majina, ila sasa anayeitikia ni kipanya, nacho hufundishika kwa urahisi. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa kuigiza matumizi ya kibodi ili waonekane wako kazini. Sitetei udanganyifu huo, ila sishangai kwamba mtu anayepimwa kwa kutikisika hujifunza kutikisika.

Hapa kwetu kuna la ziada. Umeme ukikatika Mukono saa nne asubuhi, programu huandika uvivu. Bando la intaneti, ambalo tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12, hulipwa na karani mwenyewe, na umeme anaununua yeye. Mwajiri ameokoa nafasi ya ofisi, na mfanyakazi ndiye anayegharamia waya unaopitisha picha zake mwenyewe.

Naelewa hofu ya waajiri, na si wa kwetu pekee. Katika uchunguzi wa kampuni ya Microsoft wa mwaka 2022, asilimia 87 ya wafanyakazi walisema wanazalisha vizuri, huku asilimia 12 tu ya viongozi wakisema wana imani kamili kwamba ndivyo ilivyo. Lakini mashaka hayo yana dawa nyingine. Kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China iliwaruhusu baadhi ya wapokea simu wake kufanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa, wakilinganishwa na wenzao waliobaki ofisini, na utendaji wao ukapanda kwa asilimia 13. Hao nao walipimwa, tena kwa makini, isipokuwa kilichohesabiwa ni simu walizopokea, yaani kazi yenyewe. Msimamizi anayeijua kazi ya watu wake ana kitu cha kuhesabu. Asiyeijua hununua picha za skrini.

Kuhusu sheria, ibara ya 27 ya Katiba yetu inalinda faragha ya nyumba na mawasiliano ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze kwanza anazikusanya kwa lengo gani, na asichukue zaidi ya zinazohitajika. Kampuni inayokutwa na hatia chini ya sheria hiyo inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Wafanyakazi wetu walielezwa kwa mstari mmoja wa barua pepe. Katika picha nilizoletewa niliona salio za benki za wateja, na siku moja ujumbe wa zahanati kuhusu mtoto wa karani, ambao sikuwa na haki yoyote ya kuusoma. Wenzetu wa nje wamekwisha kufika mahakamani kwa mambo ya aina hii: mwaka 2022 mahakama ya Tilburg, Uholanzi, iliamua kwamba kampuni ya Marekani ilikosea kumfukuza mfanyakazi aliyekataa kuacha kamera ikiwaka siku nzima, na Desemba 2024 mamlaka ya faragha ya Ufaransa iliitoza kampuni moja ya nyumba na viwanja yuro 40,000 kwa sababu zilizojumuisha picha za skrini na kuhesabu dakika za kutulia.

Mimi nimeacha kufungua orodha ya Ijumaa. Kila Jumatatu tunakubaliana ni vitabu vya hesabu vya mteja gani vitafungwa na karani gani, na Alhamisi ninavipitia mwenyewe, jambo linalonichukua muda mrefu kuliko kutazama rangi. Programu hata hivyo haijaondolewa. Nimeandika mara mbili kwa wakubwa kuuliza picha hizo zinahifadhiwa wapi na zitafutwa lini, na hadi leo sijajibiwa.

Wako,
Msimamizi wa makarani wa hesabu,
Kampala