Mkono laini, pafu lina shimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Katika makala yenu ya Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Machi 24, mwandishi alishauri mwenye wasiwasi akapimwe kwa sindano ya ngozi, na mkono usipovimba basi atulie. Mimi nilitulia. Nusura nizikwe.

Ni fundi wa majahazi hapa Matondoni. Mwaka juzi nilianza kukohoa, nikasingizia vumbi la mbao, maana fundi gani hapa asiyekohoa? Kisha homa ikawa yanijia kila baada ya Alasiri, usiku shuka nalikamua jasho, na tezo niliyoishika tangu utotoni ikawa nzito kama nanga. Nikaenda Lamu mjini, zahanati moja ya binafsi. Wakanichoma kisindano chini ya ngozi ya mkono, wakaniambia nirudi baada ya siku mbili. Niliporudi, muuguzi akapitisha kidole pale pale. Palikuwa laini kama mgongo wa kijiko. "Mzee, huna TB," akasema, akanipa dawa ya maji ya kikohozi.

Miezi miwili baadaye nilikohoa damu juu ya ubao niliokuwa nikiutia kalafati. Hospitali nyingine wakataka makohozi, mashine ikatoa jibu siku ile ile. Kwenye picha ya eksirei, pafu la kulia upande wa juu lilikuwa na shimo, kama ubao uliodondoka fundo. Nilikuwa na kilo 43.

Sasa kilichonitia kalamu mkononi. Watu wote wa nyumbani waliitwa kupimwa. Mjukuu wangu wa miaka minne, mzima, kutwa akimbiza punda, alichomwa sindano kama yangu. Mkono wake ukaota donge gumu la milimita 15. Babu aliye taabani mkono laini, mtoto asiye na hata mafua mkono umevimba! Nikadhani wamechanganya majina.

Tabibu alicheka, kisha akaketi akanieleza. Uvimbe ule si ugonjwa. Sindano ile hutia protini kidogo za bakteria ya TB, na uvimbe ni chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, zinazoikumbuka bakteria na kuikimbilia. Mtoto ameambukizwa, lakini mwili wake umezizungushia bakteria kinundu cha chembe, zimefungiwa humo. Watu wakieleza kinga husema askari. Mimi naona mafundi wa kalafati. Pamba ya mafuta tunayoishindilia kwenye mshono wa mbao haikaushi bahari, inazuia maji yasiingie. Na kalafati ya mtoto ilikuwa bado imeshika.

Yangu ilikuwa imeachia. Ugonjwa ukizidi, limfosaiti hupungua kwenye damu. Nyingi zimekimbilia pafuni, nyingine zimechoka, na mwili wenyewe hutoa kemikali za kuzituliza. Mkononi haji mtu. Wagonjwa ambao sindano hiyo haiwaoni hufika hata robo.

Lakini msije mkasema kinga yangu ilikuwa imelala. Hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Limfosaiti zikipungua, chembe za aina nyingine, nyutrofili, huongezeka na kumiminika pafuni, na dawa zao za kuyeyushia bakteria huyeyusha nyama ya pafu pia. Kinundu hulainika katikati kama jibini, hupasukia kwenye njia ya hewa, kinabaki shimo. Bakteria zikipata hewa huzaana kwa mamilioni na kutoka na kila kikohozi. Kwa hiyo shimo lile, sehemu kubwa, nililichimba mwenyewe: mafundi wa kalafati wamechoka, wa mashoka wameingia wakapasua hata mbao nzima. Hata kule kukonda na homa ya jioni husababishwa na kemikali ambazo mwili huzitoa kuitana msaada.

Tabibu akaongeza kwamba mwenye virusi vya UKIMWI, limfosaiti zake za aina iitwayo CD4, zile virusi hivyo huziangamiza, zikiwa chache mno, huenda asipate shimo kabisa. Eksirei yaweza kuonekana safi, hadubini isione kitu kwenye makohozi, na ilhali mtu ana TB ya kumuua.

Nilimeza vidonge miezi 6, miwili ya kwanza dawa nne kwa pamoja. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, mke wangu akataka kuniita mganga. Kilo zimerudi. Pafu limebaki na kovu, nikibeba mbao nahema. Mjukuu alipewa dawa za kumkinga, amezimaliza.

Ninachoomba ni mrekebishe makala ile. Anayekohoa wiki mbili na zaidi, anakonda, ana jasho la usiku, apimwe makohozi, mkono uvimbe usivimbe.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye ile zahanati, nimempeleka shangazi yangu kupima presha. Muuguzi alikuwa yule yule, hakunitambua kwa mwili huu. Nikatoa eksirei yangu ya zamani kwenye bahasha. Aliiinua dirishani akaitazama muda mrefu, kisha akauliza kama naweza kumruhusu aipige picha kwa simu. Nikamwambia apige, na lile shimo alisogelee vizuri.

Fundi wa majahazi,
Matondoni, Lamu